SOMO LA ROBO HII: KUMSOMESHA MTUMISHI SHAHADA YA UZAMILI YA BIASHARA



Katika vikao vya bajeti kuna ombi ambalo limekuwa likijirudia. Mhasibu wa mradi, mratibu wa afya, katibu wa hospitali au mkuu wa shule anaandika barua akiomba adhaminiwe kusoma Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Biashara, ambayo wengi wetu tunaiita MBA. Kamati nyingine hukubali upesi kwa sababu mwombaji ni kijana wetu na ni mwaminifu. Nyingine hukataa upesi kwa hoja moja tu: "Akimaliza ataenda mgodini." Majibu yote mawili hutolewa kabla ya hesabu kufanyika, na fedha inayozungumzwa ni sadaka ya mkulima wa pamba na mchele, au msaada wa ndugu aliyejinyima mahali pengine.

Lengo la somo hili ni kuzisaidia kamati kujibu ombi hilo kwa haki. Neno tunalotaka mlibebe ni hili: shahada hii huzaa matunda pale ambapo anayesoma tayari amebeba kazi ya uongozi, na pale ambapo nafasi ya kuitumia imeandaliwa kabla hajaanza masomo. Likikosekana moja kati ya hayo, fedha hupotea hata kama mtumishi amefaulu vizuri darasani.

1. SHAHADA HII NI NINI?

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kufundisha shahada hii mwaka 1908, wakati reli na viwanda vya nchi ile vilipokuwa vikubwa kuliko uwezo wa mwenye mali kuvisimamia peke yake. Walihitajika watu waliofunzwa kusimamia mali isiyo yao, kwa niaba ya wengine. Hapo ndipo sisi watu wa Kanisa tunapohusika, maana zahanati, shule, kisima na shamba la usharika vyote ni mali ya wengine iliyowekwa mikononi mwetu.

Masomo yake hayatofautiani sana kutoka chuo hadi chuo: uhasibu kwa mameneja, usimamizi wa fedha, masoko, rasilimali watu, uendeshaji, ununuzi na ugavi, sheria za biashara, takwimu na mikakati. Kwa kawaida mwanafunzi husoma darasani kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hufanya utafiti na kuandika tasnifu. Jumla ni kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kwa wanaosoma huku wakifanya kazi huweza kuzidi hapo. Mwombaji anatakiwa awe na shahada ya kwanza, kwa kawaida ya daraja la pili au zaidi, lakini si lazima iwe ya biashara. Muuguzi, mwalimu na mhandisi wote wanaweza kuisoma. Kwa kweli hao ndio mara nyingi wanaoihitaji zaidi, kwa sababu walipandishwa cheo kwa uhodari wa fani zao, kisha wakajikuta wanasaini bajeti ambazo hawakufundishwa kuzisoma.

Hata hivyo, shahada hii haina uwezo wa kufanya kila kitu. Haimfanyi mtu kuwa mhasibu aliyesajiliwa. Kazi hiyo ina mitihani yake chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Haimfanyi kuwa afisa ununuzi aliyesajiliwa, kwani nao wana bodi yao. Wala haitoi uaminifu kwa mtu asiye nao. Kama tatizo la mradi ni kwamba vitabu vya hesabu havijaandikwa kwa miezi sita, dawa yake ni karani mwenye cheti na kamati inayokagua kila mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema bila shahada.

2. TUJIFUNZE KWA MZEE PAUL BOMANI

Mkoa wetu una historia ya jambo hili kabla ya neno MBA kufika kwetu. Marehemu Mzee Paul Bomani alipata kufanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapa Shinyanga, katika miaka ya 1940. Baadaye alitoka na kujiunga na harakati za ushirika Mwanza, akazunguka vijijini kuwaunganisha wakulima wa pamba waliokuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Alipokuwa tayari katikati ya kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea mambo ya ushirika. Aliporudi, kazi ilikuwa inamngoja. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Shirikisho hilo lilikua na kuwa mojawapo ya vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika. Baada ya Uhuru, Mzee Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Tazameni mpangilio wake. Kazi ilitangulia, masomo yakafuata, na kiti kilikuwapo wakati wa kurudi. Hakusoma ili atafute kazi ya kufanya. Alisoma kwa sababu kazi aliyokuwa nayo ilimzidi kimo, na wakulima waliomzunguka walijua wanamngojea kwa jambo gani.

Upande wa pili wa historia hiyo nao una fundisho. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo za kisiasa, lakini malalamiko ya wakulima kuhusu uendeshaji na ubadhirifu yalikuwa yamesikika kwa miaka mingi kabla ya hapo. Mtu mmoja aliyesoma hawezi kukiokoa chombo ambacho kamati yake haiwezi kusoma taarifa ya fedha. Kwa hiyo kamati inayomsomesha meneja nayo ijifunze, angalau kiasi cha kumuuliza maswali.

3. MGODI NI JIRANI YETU

Hatuwezi kuzungumza jambo hili katika ukanda wetu bila kutaja dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinaitaka migodi iwe na mipango ya kuwafundisha Watanzania na kuwarithisha nafasi zinazoshikwa na wageni. Jambo hilo ni jema kwa nchi yetu. Lakini maana yake pia ni kwamba mtumishi wetu mwenye uzoefu wa ununuzi, hesabu au rasilimali watu, akiongeza shahada ya uzamili, anakuwa mtu anayetafutwa. Mshahara wa ofisi ya dayosisi haushindani na ule wa kampuni ya uchimbaji, na tusijidanganye kwamba siku moja utashindana.

Je, tusisomeshe? Tunasema tusomeshe, kwa sababu tatu.

Kwanza, gharama ya kuongozwa na mtu asiyejua ni kubwa, ila haionekani kwenye risiti. Dawa zinazoisha muda wake stoo, pampu iliyonunuliwa bila vipuri, gari linalokaa gereji miezi mitatu kwa kukosa ratiba ya matengenezo, haya yote hulipwa na waumini bila kujua.

Pili, jamii zetu sasa zinakaa meza moja na migodi. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni ya uchimbaji aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya eneo lake. Madarasa, zahanati na visima vingi vinapangwa humo. Kijiji kinahitaji watu wanaoweza kusoma makadirio ya gharama na kuuliza kwa nini darasa la hapa limegharimu zaidi ya lile la kijiji cha pili. Watu hao wengi wanakaa kwenye mabenchi ya makanisa yetu.

Tatu, mgodi nao una mwisho. Buzwagi, kule Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na ukafika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021. Ujuzi wa kusimamia watu, fedha na vifaa haufungwi pamoja na shimo. Aliyetoka kwetu akaenda mgodini anaweza kurudi, na akirudi anakuja na uzoefu ambao sisi tusingeweza kuugharimia.

Kwa hiyo anayeondoka tusimwite msaliti. Tumwage vizuri, tumdai kilichoandikwa kwenye mkataba, na tumwombe aketi kwenye kamati ya fedha ya usharika atakaohamia.

4. TUKAE CHINI TUPIGE HESABU

Katika Injili ya Luka sura ya 14 Bwana wetu alizungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Hebu tufanye hivyo. Takwimu hizi ni za kufundishia tu. Kila kamati iweke za kwake kutoka chuo husika.

Tuseme ada yote ni shilingi 6,000,000. Nauli na malazi kwa safari 40 za mwisho wa wiki, kila safari shilingi 60,000, ni 2,400,000. Kompyuta na vitabu 600,000. Utafiti na tasnifu, ambavyo wengi husahau kuviweka, 1,000,000. Jumla ni shilingi 10,000,000.

Sasa tumtazame mtumishi. Tuseme baada ya kuhitimu mshahara wake unapanda kutoka 900,000 hadi 1,150,000. Ongezeko ni 250,000 kwa mwezi, lakini likishakatwa kodi na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii linabaki kama 167,000. Kama alijilipia mwenyewe, atahitaji miezi 60, yaani miaka mitano, kurudisha fedha yake. Kama cheo hakikupanda, hatairudisha kamwe kwa njia ya mshahara. Ndiyo maana tunawashauri vijana wasikope kwa riba kubwa ili kusoma shahada hii wakitumaini kwamba cheo kitakuja chenyewe.

Kisha tuitazame taasisi. Tuseme mtumishi huyo anasimamia hospitali au mradi unaotumia shilingi 120,000,000 kwa mwaka. Akiboresha ununuzi na utunzaji wa stoo kiasi cha kuokoa asilimia 3 tu, ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 10,800,000. Gharama imerudi. Lakini kama mradi wake unatumia milioni 15 kwa mwaka, asilimia 3 ni 450,000. Hapo kamati inatakiwa kufikiria kozi fupi au stashahada. Tunayo taasisi ya elimu ya ushirika na biashara ya Kizumbi, hapa hapa Shinyanga, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambayo imejengwa kwa ajili ya mahitaji ya ngazi hiyo.

5. NJIA ZA KUSOMA BILA KUACHA KAZI

Ushauri wetu ni kwamba mtumishi asome akiwa kazini kila inapowezekana. Anachofundishwa Jumamosi akijaribu Jumatatu. Akiondoka miaka miwili, ofisi humzoea anayekaimu, naye huizoea hewa ya mjini.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hii, na kina vituo mikoani. Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alihitimu mwaka 2015 shahada ya uzamili ya maendeleo ya kiuchumi ya jamii katika programu iliyoendeshwa na chuo hicho kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani. Tunautaja mfano huo pia kwa sababu ya shahada yenyewe. Kwa mratibu wa miradi ya jamii, shahada ya namna hiyo inaweza kufaa kuliko MBA. Kamati isikwame kwenye herufi tatu.

Kwa walio Kanda ya Ziwa, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Malimbe, Mwanza, kama kilomita 160 hivi kutoka Shinyanga mjini. Kwa wa Geita safari ya Mwanza ilikuwa inategemea kivuko cha Busisi, na foleni yake iliwahi kumfanya mtu afike darasani kipindi kimekwisha. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limefunguliwa, na hesabu ya muda na nauli imebadilika. Vyuo vya mbali kama Mzumbe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho ni cha KKKT, navyo vina historia ndefu ya kufundisha uongozi na biashara, lakini gharama za kukaa huko zihesabiwe.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni chuo na programu vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa shahada za nje zinazotangazwa kwenye intaneti, tume hiyo ndiyo inayothibitisha kama zinatambulika nchini. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini. Shahada ya kununua haina njia ya mkato ya kuielezea.

6. MAMBO MANNE YA KUANDIKA KABLA YA KULIPA ADA

Kwanza, andikeni nafasi. Mtumishi akirudi atafanya kazi gani ambayo leo hafanyi, na mshahara wake utakuwa kiasi gani? Kama jibu ni "tutaona", basi mnaisomeshea taasisi nyingine.

Pili, andikeni mkataba wa utumishi. Tunapendekeza miaka miwili au mitatu baada ya kuhitimu. Mkataba usimfunge mtu kama mateka. Umtake arejeshe sehemu ya gharama kulingana na muda uliobaki. Akiwa ameahidi miaka mitatu na akaondoka baada ya miwili, arejeshe theluthi moja. Mwonyesheni mwanasheria kabla ya kusaini, na mtumishi apewe nafasi ya kuusoma nyumbani.

Tatu, mtumishi achangie. Hata asilimia 20 ya ada humfanya mtu kuyathamini masomo, na hupunguza manung'uniko ya watumishi wengine ambao hawakupata nafasi.

Nne, kubalianeni juu ya tasnifu. Rafu za vyuo vyetu zimejaa tasnifu kuhusu mabenki na kampuni za simu. Mtumishi anayedhaminiwa na usharika atafiti jambo letu: kwa nini mfuko wa maji wa kijiji huisha kila baada ya miaka miwili, au kwa nini vikundi vya kuweka na kukopa vya wanawake hudumu mahali pamoja na kufa mahali pengine. Taarifa yake fupi, kwa Kiswahili, isomwe mbele ya kamati. Hiyo ndiyo riba ya kwanza ya fedha iliyotolewa.

Na tuwakumbuke akina mama. Mama anayefanya kazi, anayelea watoto na kumuuguza mkwe, mara nyingi hatoi ombi kabisa, si kwa kukosa uwezo. Kamati isisubiri barua zake. Itazame ni nani amebeba kazi, imfuate, imwulize ni msaada gani ungemwezesha kusoma, hata kama ni nauli ya msaidizi wa kazi za nyumbani kwa siku za mtihani.

7. NENO KWA WAFADHILI

Ndugu wafadhili, tunajua ni rahisi zaidi kupiga picha kisima kuliko kupiga picha mtu anayesoma jedwali la mtiririko wa fedha. Lakini kisima kinachoendelea kutoa maji mwaka wa kumi kina mtu nyuma yake aliyeweka akiba ya vipuri. Tunawaomba mnapopanga msaada wa majengo na vifaa, mtenge sehemu ndogo kwa ajili ya kumfundisha atakayevisimamia. Nanyi mnayo haki ya kutuuliza yale mambo manne tuliyoyataja. Tusipoweza kuyajibu, msilipe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika usharika au taasisi yetu, ni nani leo amebeba kazi ya uongozi inayomzidi kimo? Je, anahitaji shahada ya uzamili, stashahada, kozi fupi, au msaidizi?

2. Mradi wetu mkubwa unatumia fedha kiasi gani kwa mwaka, na asilimia 3 ya fedha hiyo ni shilingi ngapi?

3. Katika miaka mitano iliyopita tumesomesha nani, yuko wapi sasa, na je, nafasi yake ilikuwa imeandaliwa alipohitimu?

4. Ni wajumbe wangapi wa kamati yetu wanaoweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi bila kusaidiwa? Nani atawafundisha waliobaki, na kuanzia tarehe ipi?

5. Je, kuna mwana usharika wetu anayefanya kazi mgodini au kwenye kampuni, mwenye elimu ya menejimenti, ambaye hatujawahi kumwomba atusaidie?

Tunaomba kila kamati iandike majibu yake katika muhtasari wa kikao na kutuletea nakala kabla ya bajeti ya mwaka ujao kupitishwa. Majibu ya swali la tatu tunayahitaji hata kama si mazuri.